Masika ya Kupe

Jumapili, 9 Machi 2025

Mvua imetukuta njiani kutoka kanisani na hadi jioni hii haijakatika. Naanza kuandika tena. Tulipokuwa Arusha sikuwa na la kuandika zaidi ya magauni ya wateja, lakini hapa kijijini Singe, Babati, nahitaji mahali pa kusemea.

Mume wangu Remigius amepata kazi mgodini Mirerani. Baba yake alipofariki mwaka jana, tulikubaliana kwamba mimi na binti yetu Irine tuje Babati tukae na mama yake, asibaki peke yake na shamba na ng'ombe. Nilikubali kwa moyo mmoja. Sasa moyo huo una maswali.

Mama mkwe, Mama Wilhelmina, hagombi. Afadhali angegomba. Anasema "Njoo", "Weka pale", "Siyo hivyo", kisha anaendelea na kazi yake. Kwetu Machame nyumba inaamka na kelele na inalala na kelele. Hapa nasikia mvua juu ya bati na Irine akiongea na kuku.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeaibika, na sijui nimweleze nani.

Asubuhi tulikwenda kukata majani ya ng'ombe chini ya mlima Kwaraa. Majani yameota upesi, yanafika kiunoni. Mimi nilivaa gauni na kandambili. Mama alivaa suruali ndani ya sketi, soksi nene za marehemu baba mkwe zilizovutwa juu ya suruali, na mabuti ya mpira. Alinitazama miguu, akasema, "Utaleta kupe." Nilidhani ananiona mtu wa mjini asiyejua kuvaa.

Tuliporudi aliniita bafuni.

"Vua nguo."

"Mama?"

"Vua, nikuangalie."

Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe haoni hata bega lako. Nilisimama nimeshika kanga kifuani kama mtoto anayesubiri sindano. Yeye hakuona aibu hata kidogo. Alinishika kichwa akapekua mizizi ya nywele, akaangalia nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kiunoni pale penye mpira wa nguo ya ndani, na nyuma ya magoti. Kupe wawili walikuwa bado wanatembea. Mmoja alikuwa ameshajikita nyuma ya goti la kushoto, nami sikuwa nimesikia chochote. Alimpaka mafuta ya taa, akasubiri, akamng'oa.

"Nguo usiingize chumbani. Fua, anika juani."

Nilimpigia Remigius simu nikilia. Alicheka. "Hata mimi alinikagua hivyo mpaka naenda sekondari," akasema. "Ukimwona mama anakukagua, ujue amekupokea."

Kupokewa gani huku?

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kupe mmoja, kwenye soksi. Nimevaa soksi.

Jumatatu, 24 Machi

Irine ameumwa na kupe nyuma ya sikio. Mimi nilikuwa kwenye cherehani namalizia sare za kwaya, yeye akiingia na kutoka bandani. Jioni Mama alimpakata kama kawaida yake, akampekua, vidole vyake vikasimama nyuma ya sikio. "Mama Irine, lete taa karibu."

Kupe alikuwa amevimba, wa kijivu kama punje ya mbaazi. Mama alikwenda kuchukua mafuta ya taa, kisha akasita, maana ni karibu na sikio. Mimi nilikumbuka bibi yangu alivyokuwa akiwachoma kwa kijiti cha kibiriti, nikatafuta kibiriti. Tukawa wawili tumemsimamia mtoto, mmoja na mafuta, mwingine na moto, na hakuna aliyethubutu. Irine akauliza, "Mnataka kunipika?"

Tukambeba hadi zahanati. Muuguzi aliyekuwa zamu alituomba tuweke vyote chini. Alichukua kibano, akamkamata kupe chini kabisa panapogusa ngozi, akamvuta polepole na moja kwa moja bila kuzungusha. Akatoka mzima na mdomo wake. Akaosha pale kwa sabuni, akapaka spiriti.

"Mafuta ya taa na moto vinamsumbua kupe, na akisumbuka anaweza kutema uchafu wake ndani ya ngozi," alisema. "Mvuteni tu hivi, mapema, wala msimminye kwa vidole. Halafu mwangalieni mtoto wiki mbili hizi. Akipata homa, au upele, au kidonda cheusi pale alipoumwa, mleteni."

Mimi nilijiandaa kwa ukimya wa njiani. Mama amefanya hivi miaka yote, nami nilidhani atachukia kusahihishwa na binti mdogo kuliko mwanawe. Lakini tulipofika nyumbani aliirudisha chupa ya mafuta jikoni kwenye taa, akaniuliza kama nina kibano kama kile. Ninacho cha kutolea nyuzi kwenye kushona. Alikipigia msumari ukutani bafuni, akakitundika.

"Kuanzia leo ni hiki," akasema.

Nimemtazama kwa jicho jingine leo.

Jumamosi, 5 Aprili

Irine mzima, hana homa, hana kidonda. Namshukuru Mungu.

Nimetushonea suruali za shamba za kitambaa cha rangi ya maziwa, zina mpira kifundoni. Jirani yetu Devota, Mama Brayan, alituona tukitoka akashika kiuno. "Mama Irine, mnakwenda shamba au kipaimara?"

Kabla sijajibu, Mama akajibu. "Kupe mweusi kwenye nguo nyeusi utamwona wewe?"

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akisema kwa mkupuo tangu nifike. Mama Brayan alicheka, akatutazama tukishuka njia, na jioni alikuja kuuliza kama kitambaa kimebaki.

Ng'ombe naye amepuliziwa dawa leo. Mama alimfunika macho kwa mkono wake mwenyewe wakati dawa inapita.

Alhamisi, 10 Aprili

Palizi ya shamba letu la kule Bonga. Mahindi yamefika magotini na mbaazi zinachungulia katikati. Mgongo wangu si wangu. Jioni Mama alimkagua Irine, akanikagua mimi, akaingia bafuni peke yake akafunga mlango. Kupe wanne kwa jumla, wote kwenye nguo.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Hilo halijawahi kutokea, anasema Mama Brayan. Kichwa kinamuuma na mwili ni moto. Nimemwachia uji, nimekwenda misa na Irine. Mimi ni Mlutheri, lakini nimemshikia Mama tawi lake.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumekwenda kwenye duka la dawa lenye kipimo. Malaria hakuna. Mhudumu akasema basi itakuwa taifodi, akampa vidonge. Mama amevimeza bila kuuliza. Nimelisha ng'ombe mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Ugonjwa haukupungua, umezidi. Homa inapanda, anatetemeka, macho mekundu, mwanga unamuumiza. Hali chakula. Wanawake wa jumuiya wamekuja kusali. Mmoja akasema ni uchovu wa ujane, mwingine akasema presha. Mama alilala ameangalia ukuta.

Nimeelewa leo kwamba naogopa, na ninaogopa kwa ajili yake mwenyewe, siyo kwa sababu Remigius yuko mbali na lawama zitakuwa zangu. Mwezi uliopita nisingeandika hivyo.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nataka kuiandika siku hii yote nikiwa bado naikumbuka. Niko kwenye benchi la hospitali, Irine yuko kwa Mama Brayan, mvua inapiga madirisha.

Asubuhi shuka la Mama lilikuwa limelowa jasho. Nilipasha maji nikamwambia, "Mama, nikuogeshe."

"Nitaoga mwenyewe."

"Huwezi kusimama, Mama."

"Siyo wewe," akasema. "Mwite Mama Brayan."

Nilitoka mpaka mlangoni. Kwa kweli niliumia. Nikasimama pale na beseni mkononi, halafu nikakumbuka siku ile niliyoshika kanga kifuani. Aibu yake ilikuwa ileile yangu, tofauti ni kwamba yeye hakunisubiri mimi niache kuona aibu. Nikarudi, nikaweka beseni chini.

"Mama, kila jioni unaniangalia mimi. Unamwangalia Irine. Wewe nani anakuangalia?"

Alivuta shuka mpaka shingoni, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Alikuwa baba yake Remi," akasema.

Ndipo nilipojua kwamba tangu mzee afariki hakuna mtu aliyeuona mgongo wa mama huyu. Mbele alijikagua mwenyewe, miguu alijikagua, kichwani alipapasa kwa vidole. Mgongoni mkono haufiki. Nami nimekaa nyumba hiyohiyo, nakaguliwa kila siku, na haikunijia hata mara moja kuuliza.

Hakukataa tena. Nilimgeuza taratibu, nikamfungua kitenge, nikaanza na shingo. Chini kidogo ya bega la kulia, pale pale ambapo mkono wa mtu haufiki, kulikuwa na kidonda kidogo cheusi kikavu, kama pameguswa na kaa la moto, na wekundu umekizunguka. Kupe hakuwepo, alikuwa ameshashiba akaondoka. Nilipomwinua mkono nikagusa mtoki kwapani, mkubwa, akashtuka kwa maumivu. Mgongoni kote kulikuwa na vipele vidogo vyekundu.

Maneno ya yule muuguzi yakanirudia yote: homa, upele, kidonda cheusi.

"Mama, tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Mvua."

"Na mvua yake."

Mama Brayan alileta bajaji ya mdogo wake. Karibu na njia panda ilizama kwenye tope, tukashuka mimi na Mama Brayan tukasukuma, suruali yangu ya rangi ya maziwa ikawa rangi ya barabara. Mama ndani amejifunika blanketi, akasema kwa sauti ndogo, "Msiumie." Yeye ndiye mwenye homa.

Daktari aliyetupokea anaitwa Egidius, kijana mpole mwenye miwani. Nilianza kumweleza kuhusu taifodi na vidonge, kisha nikaacha katikati nikamwambia, "Daktari, tafadhali angalia mgongo wake kwanza." Akaangalia. Akabonyeza mtoki. Akauliza kama tunafuga, kama tunakata majani, nami nikasema ndiyo kwa yote.

"Hii ni homa ya kupe," akasema. "Kipimo cha malaria hakiwezi kuiona, na dawa ulizompa si zake. Inatibika. Lakini kwa umri wake mngechelewa zaidi ningekuwa na wasiwasi mkubwa." Akaagiza dawa iitwayo doksisaiklini, na dripu kwa sababu amekauka maji.

"Nani aliona kidonda?" akamuuliza Mama.

Mama alikuwa amefumba macho. Alininyooshea kidole bila kuyafumbua.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Bado moto, ila amekunywa chai nusu kikombe. Nimesali Baba Yetu kando ya kitanda. Aliitikia Amina.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Homa imeshuka. Asubuhi nilimgusa paji la uso likawa baridi na bichi kama la mtoto aliyetoka kuoga, nikamgusa tena kwa sababu sikuamini. Aliniuliza, "Ng'ombe amekula?" Nikacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Remigius ameingia mchana na basi, macho mekundu kwa kutolala. Alimshika mama yake mkono, hakusema kitu. Kwenye hilo wanafanana. Kisha tulipotoka nje ukumbini akafungulia yote.

"Ng'ombe anauzwa. Wiki hii hii. Na nyinyi wote mnakuja Mirerani, nimeshapata vyumba viwili. Sitaki tena habari za majani."

Mwezi Machi ningeruka kwa furaha. Leo nilijikuta nikisema, "Hapana."

"Aikande, mama karibu afe."

"Karibu afe kwa sababu hakuna aliyemwangalia mgongo. Ng'ombe hajamfanyia kitu. Ukimtoa mama yako Singe ukamweka kwenye vyumba viwili mgodini, atakaa kimya mpaka aishe. Mwache na shamba lake. Mgongo wake nitauangalia mimi."

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Amekubali?"

"Atakubali."

Sikuwa na uhakika wowote.

Jumatatu, 28 Aprili

Tuko nyumbani. Amekubali.

Hakusema. Leo amekwenda bandani kwa mara ya kwanza, akazunguka, akamkwaruza ng'ombe shingoni. Jioni nilipomaliza kumkagua Irine nikasimama bafuni nikiwa sijui nianzeje. Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo. Akateremsha kitenge mabegani.

Kidonda kimebaki alama ndogo. Nilipekua polepole, shingoni, mabegani, chini ya mbavu. Na akaanza kuongea. Aliongea akiangalia ukuta, kuhusu milima ya Mbulu alikozaliwa, baridi ya huko, jinsi alivyoletwa Babati akiwa bibi harusi na mama mkwe wake naye hakuwa na maneno. "Nilimwogopa sana," akasema. "Nililia."

"Kisha?"

"Kisha nilimzoea."

Nimegundua kwamba Mama akikupa mgongo ndipo anapoongea. Uso wake unaona haya, mgongo wake hauna haya. Tulimaliza kazi zamani, lakini nikaendelea kupapasa kama mtu anayetafuta, ili asiache.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zinapungua. Siku mbili sasa hatujapata kupe hata mmoja, lakini tunaangalia.

Mama Brayan amekuja na suruali yake mpya na habari: mume wake amekataa kumkagua, anasema ni mambo ya watoto. "Nimemwambia akale kwa mama yake," akasema. Leo tumemkagua sisi. Alikuwa na mmoja kwapani, mdogo kama nukta. Mama akamvuta kwa kibano, sawasawa kama muuguzi, akapaka spiriti, akanawa mikono. Mama Brayan akauliza kama angempaka tu mafuta ya taa ingekuwaje.

"Atakutapikia," Mama akamjibu, akafunga mjadala.

Jumatano, 14 Mei

Jua. Nimeanika magodoro.

Jumamosi, 24 Mei

Leo jumuiya imekuja kusali kwetu. Mama ndiye aliyeomba, kwa ajili ya shukrani. Tangu asubuhi nimepika maharage na makande, na Irine amepanga viti akavipangua akavipanga tena. Walikuja karibu wote waliosali kando ya kitanda chake Aprili, na yule aliyesema ni uchovu wa ujane alikuja na kuku.

Baada ya somo, kila mtu hutoa shukrani yake. Mmoja alishukuru kwa mahindi kubeba vizuri, mwingine kwa mtoto kufaulu mtihani wa majaribio. Ikafika zamu ya Mama. Kwa kawaida, Mama Brayan ameniambia, yeye husema "Nashukuru kwa yote" akakaa. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, nikisubiri akae ili nimimine.

Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

"Mume wangu alipokufa," akasema, kisha akatafuta neno, akasema kitu kwa Kiiraqw, lugha ya kwao Mbulu, na wazee wakaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye Kiswahili. "Alipokufa, nilijua hakuna mtu tena wa kuniona mgongo. Nikasema, sawa, nimezeeka, inatosha. Huyu," hakuniangalia, alionyesha tu upande wa mlango, "mimi nilimtesa. Nilimvua nguo siku ya kwanza. Angeweza kuondoka. Remi alimwambia waondoke. Akasema hapana. Mimi nilikuwa kitandani lakini masikio yalikuwa mazima, mlango wa ukumbi ulikuwa wazi."

Akajifunga kitenge upya.

"Mungu alinipa mtoto mmoja wa kiume. Namshukuru. Sasa ameniongezea wa kike."

Akakaa.

Niliweka birika chini. Mama Brayan alianzisha wimbo wa shukrani, lakini sauti yake ilikatika kwenye mstari wa kwanza, na hakuna aliyempokea. Wanawake walikuwa wanatafuta kanga za kufutia macho. Irine alinishika gauni akauliza nani ameumwa.

Mama alitutazama sote, mmoja mmoja, kama anayetafuta kilichotusibu.

"Imbeni, basi," akasema. "Chai inapoa."